Sabuni ya Uso: Habari Zake Tangu Kale, na Jinsi ya Kuichagua kwa Ngozi Yako

Leo twapenda kuwaeleza habari za kitu kidogo ambacho ni nadra kukosekana katika nyumba ya mtu, nacho ni sabuni. Hatutasema juu ya sabuni ya kufulia nguo ila kwa kupitia tu. Maneno yetu ni juu ya sabuni ya kuogea na kunawia uso. Mtu aingiapo dukani huona vipande vingi vimepangwa, kila kimoja kimevikwa karatasi ya rangi yake, na kila karatasi ina neno lake: hii yalainisha, hii yaua vijidudu, hii yang'arisha, hii ni ya ngozi kavu. Mnunuzi husimama akachagua kwa harufu, au kwa picha ya mwanamke iliyopigwa chapa juu ya karatasi, au kwa bei. Wengi hawapati hasara kubwa. Lakini wako walioharibikiwa na figo kwa ajili ya kipande cha sabuni, na habari zao tutazifikia. Ili kujua sabuni ipi yafaa ngozi ipi, yatupasa kwanza kujua sabuni ni kitu gani, na wale waliotuuzia tangu zamani walituahidi nini.

Neno letu sabuni tumelipata kwa Waarabu, nao Waarabu jina lao lafanana na lile la Kirumi, sapo. Mrumi mmoja mwenye elimu nyingi, jina lake Plinio, aliyekufa mwaka 79 katika maafa ya mlima Vesuvius, aliandika kwamba Wagali, watu wa nchi ambayo leo ni Ufaransa, walitengeneza sapo kwa shahamu na majivu, wakaitumia kuzifanya nywele zao kuwa nyekundu. Akaongeza kwamba huko Ujerumani waliopenda kuitumia zaidi ni wanaume kuliko wanawake. Basi tazameni ajabu hii: sabuni ilipotajwa kwa jina hilo katika kitabu chake, ilitajwa kama kitu cha urembo, wala si kitu cha usafi. Warumi wenyewe walipokwenda kuoga walijipaka mafuta mwilini, kisha wakajikwangua kwa chuma kilichopindwa, na uchafu ukatoka pamoja na mafuta.

Kazi ya kuitengeneza si ngumu kuieleza. Majivu ya kuni huchujwa kwa maji, na maji hayo huwa makali, tena huteleza vidoleni. Ukali huo ndio ukali wa magadi. Ukitia chokaa ndani yake ukali huzidi. Maji hayo yakipikwa pamoja na mafuta, ya mnyama au ya mmea, kila kimoja huacha tabia yake ya kwanza: mafuta hayawi mafuta tena, wala magadi si magadi. Hutokea vitu viwili vipya. Kimoja ni sabuni, na cha pili ni kitu kizito, kitamu, kiitwacho gliserini, ambacho kina kazi kubwa katika habari zetu, kwa sababu huvuta maji na kuyashika katika ngozi.

Na sabuni yasafishaje? Kila chembe yake ina ncha mbili. Ncha moja yapenda maji, na ya pili yapenda mafuta na huyakimbia maji. Uchafu wa mwili hushikwa na mafuta; basi ncha ile huingia katika mafuta, na ncha nyingine hushikamana na maji, na maji yakimwagwa huondoka na vyote pamoja. Jambo hili mlishike sana, maana yote yatakayofuata yamejengwa juu yake: sabuni haiwezi kupambanua mafuta ya uchafu na mafuta ambayo ngozi imejitengenezea ili ijilinde. Huyaondoa yote. Tofauti iliyopo kati ya sabuni na sabuni ni kwamba moja huondoa mengi na nyingine huondoa machache.

Zamani watu wa nchi za Sham walisifiwa sana kwa ufundi huu. Katika mji wa Halab, na katika mji wa Nablus huko Palestina, sabuni ilipikwa kwa mafuta ya zeituni, nayo hupikwa hata leo. Sabuni ya Halab hutiwa pia mafuta ya mti uitwao ghar. Mwaka 2024 shirika la UNESCO liliandika ufundi wa miji hiyo miwili katika orodha yake ya urithi wa wanadamu. Kutoka pwani za bahari ya Mediterania sabuni ya zeituni ikajulikana Uhispania, Italia na Ufaransa, na mji wa Marseille ukawa mkuu wa kazi hiyo. Mwaka 1688 waziri wa mfalme wa Ufaransa alitoa amri kwamba sabuni ya huko isitiwe mafuta mengine ila ya zeituni. Twadhani amri ile ilitungwa kwa ajili ya heshima ya biashara kuliko kwa ajili ya ngozi za watu. Hata hivyo walioitumia sabuni ile walifaidi, kwa kuwa sabuni ya zeituni ni pole.

Lakini zeituni ni ghali, na majivu hayakutosha. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipewa hati ya serikali kwa kuvumbua njia ya kutengeneza magadi kwa chumvi ya kawaida. Mapinduzi ya nchi yake yakamnyang'anya kiwanda chake, naye akajiua mwaka 1806 akiwa maskini. Mwenzake, Michel Eugène Chevreul, alichunguza mafuta kwa miaka mingi akatoa kitabu mwaka 1823, akaeleza kwa mara ya kwanza kwamba sabuni si mchanganyiko tu wa mafuta na magadi bali ni kitu kipya. Chevreul aliishi miaka 102. Wala hatusemi ni kwa sababu ya sabuni.

Magadi yalipokuwa mengi na rahisi, waliobaki kutafutwa ni mafuta. Hapo ndipo pwani yetu ilipoingia katika habari hizi. Mwaka 1844 Ufaransa ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said wa Unguja, na wafanyabiashara wa Marseille wakaleta majahazi yao kununua ufuta na nazi. Ufuta wa watu wa mrima na mbata za visiwani zilikwenda Marseille kukamuliwa, na mafuta yakaingia katika mapipa ya wapika sabuni. Mkulima aliyepura ufuta wake nyuma ya Lamu hakujua kwamba jasho lake litaoshea uso wa mtu wa Paris; wala yule wa Paris hakujua. Na magadi nayo twayo: ziwa Magadi, katika bonde kusini mwa Nairobi, limejaa magadi yaliyojianika yenyewe juani, na kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, ikayauza ng'ambo kwa wafanyao kioo na sabuni.

Nazi ilileta tabia mpya katika sabuni. Sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu jingi na upesi, hata katika maji ya bahari, na kwa sababu hiyo mabaharia waliipenda. Lakini husafisha kwa nguvu mno. Ikiwa peke yake, bila mafuta mengine, huikausha ngozi. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa mafuta ya nazi hulainisha mwili, basi na sabuni yake lazima ilainishe. Sivyo. Tulikwisha kusema kwamba mafuta yakigeuka sabuni huacha tabia yake ya kwanza. Wenye viwanda vizuri huchanganya: nazi kidogo kwa ajili ya povu, na mafuta mengine mengi zaidi kwa ajili ya ugumu na upole.

Sasa twende Uingereza, maana huko ndiko sabuni ya uso ilikojifunza kusema. Sabuni ilikuwa ikitozwa kodi nchini humo tangu mwaka 1712, hata kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 1853 maskini nao wakaweza kuinunua. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa karne ya 19, kinyozi mmoja wa London jina lake Andrew Pears aliona kwamba mabibi wa matajiri waliziharibu ngozi zao kwa sabuni kali na kwa poda zenye sumu walizojipaka ili wawe weupe zaidi. Weupe ule walioutaka ulikuwa alama kwamba mtu hafanyi kazi juani. Pears akatengeneza sabuni safi, yenye gliserini, ambayo mtu aweza kuona nuru kupitia ndani yake. Shabaha yake ilikuwa njema, na sabuni yake ilikuwa pole kweli.

Lakini baada ya miaka mingi biashara ile ikaja mikononi mwa mtu mwingine, Thomas Barratt, aliyekuwa hodari wa kutangaza kuliko watu wote wa wakati wake. Barratt alimlipa mwigizaji maarufu, Lillie Langtry, ili akubali jina lake na uso wake uwekwe katika matangazo ya sabuni. Desturi ya kumwonyesha mwanamke mzuri na kutufanya tuamini kwamba uzuri wake ulitoka katika kipande cha sabuni haijaisha mpaka leo. Tena katika miaka ya 1880 kampuni hiyo ilichapisha picha ya mtoto mweusi akiogeshwa na mtoto mweupe. Katika picha ya pili mtoto yule mweusi ametoka majini mwili wake umekuwa mweupe, isipokuwa uso.

Picha ile ilikuwa uongo wa namna mbili. Kwanza ilisema kwamba weusi ni uchafu. Pili ilisema kwamba sabuni yaweza kuuondoa. Rangi ya ngozi haikai juu ya ngozi kama vumbi. Hutengenezwa ndani, na chembe zilizomo chini ya tabaka la juu, kwa kitu kiitwacho melanini, ambacho huizuia miale ya jua isiharibu mwili. Sabuni ya kweli haiifikii melanini, wala haina njia ya kuifikia. Basi kila sabuni iliyopata kumgeuza mtu rangi ilikuwa na kitu kingine ndani yake kisichokuwa sabuni. Wenye kampuni ya wakati ule walijua kwamba sabuni yao haiwezi kufanya vile, nao walifanya dhihaka. Lakini dhihaka ile ilisafiri mbali, na wako waliokuja kuisadiki.

Mfanyabiashara mwingine Mwingereza, William Lever, alianza kuuza sabuni ya kufulia kwa jina la Sunlight katika miaka ya 1880, vipande vimekatwa tayari na kuvikwa karatasi, akajenga mji mzima kwa wafanyakazi wake, Port Sunlight, tangu mwaka 1888. Mwaka 1894 alitoa Lifebuoy, sabuni nyekundu yenye harufu ya dawa ya hospitali. Lux ya kuogea ilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1920, nayo ilitangazwa kwa nyuso za waigizaji wa sinema. Sabuni nyingi namna hii zilihitaji mafuta mengi, na mwaka 1911 Lever alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji apate ardhi kubwa ya michikichi huko Kongo. Kituo chake kimoja kiliitwa Leverville, ambacho leo ni Lusanga. Watu wa huko walilazimishwa kupanda michikichi na kukata mikungu kwa ujira mdogo, na mwaka 1931 Wapende wakaasi, na uasi wao ukazimwa kwa bunduki. Haya hayaandikwi juu ya karatasi ya sabuni. Lakini tuliona si haki kueleza safari ya mafuta na kuwaacha waliokwea michikichi.

Wakati wafanyabiashara walipokuwa wakitangaza, waganga wa ngozi walikuwa wakichunguza. Paul Gerson Unna wa Hamburg, katika miaka ya 1880, aliwashauri watu sabuni iliyoachiwa mafuta ya ziada ndani yake, mafuta yasiyogeuzwa na magadi, ili yabaki juu ya ngozi baada ya kuoga. Helena Rubinstein, mwanamke aliyezaliwa Poland na kuanza biashara yake Australia, hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa wa kwanza kuwagawa wanunuzi kwa ngozi zao, ngozi kavu, ya kati, na ya mafuta. Yeye alikuwa mfanyabiashara, na mgawanyo ule ulimwuzia vitu vingi, lakini una ukweli ndani yake. Mwaka 1909, katika mji wa Copenhagen, mjuzi wa kemia Sørensen alitunga kipimo cha ukali wa maji kiitwacho pH: maji matupu hupata 7, kitu chenye uchachu kama ndimu hupata chini ya 7, na kitu chenye ukali wa magadi hupata juu ya 7, mpaka 14. Mwaka 1928 Wajerumani wawili, Schade na Marchionini, wakaeleza kwamba ngozi ya mtu mzima ina uchachu kidogo juu yake. Kipimo chake ni karibu na 5. Uchachu huo huilinda na vijidudu na kuisaidia kushika maji yake. Na sabuni ya kawaida? Kipimo chake ni 9 au 10.

Kwa hiyo kila tunaponawa kwa sabuni twauondoa uchachu ule. Ngozi yenye afya huurudisha yenyewe baada ya muda. Ngozi kavu, na ngozi yenye ukurutu, huchelewa kuurudisha. Wajerumani, walipokosa mafuta katika Vita Kuu ya 1914–1918, walianza kutafuta vitu vya kusafishia visivyopikwa kwa mafuta na magadi, na kutokana na njia hiyo, baada ya miaka mingi, vikapatikana vipande vya kuogea ambavyo kwa kweli si sabuni. Kimoja kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1957 kwa jina la Dove, na kipimo chake ni karibu na 7. Vingine vimefuata. Mtu akiona juu ya karatasi maneno kwamba kitu hiki si sabuni, asidhani ametapeliwa. Kwa ngozi kavu huenda kikafaa kuliko sabuni.

Haya, sasa tuitazame ngozi yako wewe. Jioni moja, nawa uso kwa maji na sabuni pole, ujifute polepole, wala usijipake kitu chochote. Kaa muda wa saa moja, kisha chukua kioo. Ikiwa ngozi yakuvuta kana kwamba imekuwa ndogo, au imepauka, au yatoka magamba madogo, hiyo ni ngozi kavu. Ikiwa yang'aa uso mzima, na karatasi nyembamba ukiibandika yapata doa la mafuta, hiyo ni ngozi ya mafuta. Wengi watajiona katikati: paji la uso, pua na kidevu vyang'aa, na mashavu ni makavu. Kadhalika wako ambao ngozi yao si neno la mafuta wala ukavu, bali huwasha na kutoka vipele kwa kila kitu kipya. Tena mjue kwamba ngozi haikai hali moja sikuzote. Kijana wa miaka 15 aweza kuwa na uso wa mafuta, na akiwa mzee ukawa mkavu. Wakati wa baridi na upepo, kama kule Njombe au Limuru, ngozi hukauka. Mwezi wa Februari huko Mombasa mtu yule yule hung'aa.

Mwenye ngozi kavu na atafute sabuni yenye gliserini au iliyozidishiwa mafuta, au kile kipande kisichokuwa sabuni. Asinawe uso kwa sabuni zaidi ya mara moja kwa siku. Mara nyingine maji matupu yatosha. Maji yawe ya uvuguvugu wala si ya moto, na kabla mwili haujakauka kabisa ajipake mafuta. Bibi zetu waliojipaka mafuta ya nazi au ya ufuta mara watokapo bafuni hawakusoma habari za Marchionini, lakini walifanya lililo sawa. Ngozi nyeusi ikikauka huonekana upesi kwa kupauka, na wengi wakiona hivyo hudhani hawakutakata, wakarudi kujisugua kwa sabuni na dodoki. Hapo huzidisha kile walichotaka kukiondoa.

Mwenye ngozi ya mafuta aweza kutumia sabuni ya kawaida ya kuogea, asubuhi na jioni. Asizidishe. Chunusi hazitoki kwa sababu mtu ni mchafu. Hutoka kwa kuwa vinyweleo vimezibwa na mafuta na ngozi iliyokufa, na kijidudu kikastawi ndani yake. Kujisugua kwa nguvu huziumiza na kuacha madoa meusi ambayo hukaa miezi mingi. Mwenye uso wa hali mbili na achague sabuni kwa ajili ya mashavu, yaani ile pole, naye akawie kidogo juu ya pua na paji la uso. Na mwenye ngozi ya kuwasha, shauri letu ni fupi: sabuni isiyo na manukato. Harufu nzuri ni katika vitu vinavyowadhuru wengi. Mtoto mchanga naye hahitaji sabuni nyingi. Maji yamtosha kwa sehemu kubwa ya mwili wake.

Sabuni ya mche ya kufulia si ya uso. Twajua kwamba katika nyumba nyingi kipande kimoja hutumika kwa nguo, vyombo na watu, na fedha ikiwa haba hatuwezi kumlaumu mtu. Lakini ikipatikana nafasi, kipande cha kuogea kikatwe vipande viwili au vitatu na kile kidogo kiwe cha uso peke yake. Tena msisahau maji. Mahali ambapo maji ya kisima yana chokaa nyingi, sabuni haitoi povu bali huacha utando mweupe, na utando huo hukaa juu ya ngozi ukaiwasha. Hapo hata sabuni bora huonekana mbaya. Maji ya mvua yakikingwa yafaa sana kwa kunawia uso.

Na zile sabuni za kuua vijidudu? Kwa miaka mingi watu waliaminishwa kwamba sabuni isiyo na dawa haitoshi. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilikataza dawa 19 zilizokuwa zikitiwa katika sabuni za watu wa kawaida, pamoja na ile iitwayo triklosani, kwa kuwa wenye viwanda hawakuweza kuthibitisha kwamba zinashinda sabuni tupu na maji, wala kwamba ni salama zikitumiwa kila siku. Sabuni ya dawa aliyoiagiza daktari kwa ugonjwa uliojulikana ni habari nyingine.

Imebaki habari tuliyoiahidi tangu mwanzo. Zebaki ni madini mazito, ya majimaji, yang'aayo kama fedha, nayo ni sumu. Ikiingia katika ngozi huzizuia zile chembe zisitengeneze melanini, na mtu huonekana amekuwa mweupe. Kwa muda wa miaka mingi ziliuzwa katika Afrika sabuni zenye chumvi ya zebaki, kiasi cha sehemu 1 mpaka 3 katika kila sehemu 100, nyingi zikiandikwa kwamba ni sabuni za kuua vijidudu. Nyingine zilitengenezwa Ulaya. Nchi za Ulaya zilikataza zebaki katika vipodozi vya watu wao kwa sheria ya mwaka 1976, lakini sabuni za namna ile ziliendelea kutengenezwa humo kwa ajili ya kuuzwa kwetu, na Umoja wa Ulaya haukukataza kuzitoa nje mpaka mwaka 2003. Miaka 27 ilipita, sheria moja kwa ngozi yao na nyingine kwa ngozi yetu. Jambo hili lastahili kujulikana na kila mtoto wa shule.

Zebaki haikai katika ngozi. Huingia katika damu ikafika katika figo, na figo huanza kupitisha vitu ambavyo hazikupaswa kuvipitisha, hata uso na miguu ikavimba. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza juu ya watu wazima waliougua figo namna hiyo, ambao wengi wao walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Humfikia pia mtoto aliye tumboni. Na mtu akiacha, weusi hurudi, mara nyingi kwa madoa yasiyolingana, naye akaona aibu akarudia sumu ile ile.

Kenya, Tanzania na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi hivi. Mkataba wa Minamata, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliangamizwa na zebaki ya kiwandani, ulifanywa mwaka 2013, ukaamuru kwamba baada ya mwaka 2020 pasitengenezwe wala kuuzwa ng'ambo vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu 1 katika milioni. Mwaka 2023, katika mkutano wa Geneva, mataifa yalikubaliana kuondoa hata kiasi kile kidogo, ili baada ya mwaka 2025 pasiwe na kipodozi chochote kilichotiwa zebaki. Hata hivyo vitu vya magendo havisomi mikataba. Huingia kwa mizigo ya siri, na mikorogo huchanganywa vyumbani na kuuzwa katika vikopo visivyo na jina.

Basi kabla hujalipa, geuza kipande usome nyuma. Ukiona neno mercury, au calomel, au herufi Hg, kirudishe. Ukiona onyo kwamba kisiguse fedha wala dhahabu, kirudishe vilevile, maana zebaki huziharibu pete na vidani, na onyo hilo halina kazi juu ya sabuni ya kweli. Ikiwa karatasi haina jina la kiwanda wala mahali kilipo, au yakuagiza uache povu likauke usoni usiku kucha, usiinunue. Sabuni huwekwa ikaoshwa; hakuna sabuni njema yenye kazi ya kufanya ukiwa umelala.

Ukikwisha kuipata iliyo njema, ijaribu kwanza ndani ya mkono, karibu na kiwiko, kwa siku mbili au tatu. Ikiwa haikuwasha, itumie usoni kwa muda wa wiki nne kabla hujasema yafaa au haifai. Na uiweke mahali penye matundu ili maji yachuruzike, kwa kuwa kipande kinacholala majini huyeyuka na kwisha kabla ya mwezi.